Maziwa ya Jioni Hayamo Kwenye Mpango

Wanangu wa kikundi cha Nyasura, mpango wenu nimeusoma. Nimeusoma wote na miwani yangu hii yenye mguu mmoja, kuanzia ukurasa wa mbele wenye picha ya ng'ombe mnene ambaye hapa Bunda sijawahi kumwona, mpaka kule mwisho mlikoandika neno "endelevu" mara nyingi kuliko neno "maziwa". Mmejitahidi, siwezi kuwadanganya. Lakini nilipofika pale mliposema mwaka wa pili mtaanza kupokea maziwa ya jioni, niliweka kikombe chini. Nikasema, hapana, hawa watoto lazima niongee nao kabla hawajanunua tenki.

Msinune. Biashara yenu siikatai. Mimi nimepokea maziwa tangu nikiwa msichana wa kubeba keni mbili, moja mkono huu, moja mkono huu, mpaka magoti yaliposema basi. Na kazi yote hiyo nilifanya kwa mtu mmoja, Mama Neema, aliyekuwa na kibanda cha mtindi pale karibu na stendi. Wazazi wenu wanamjua. Waulizeni, watawaambia alikuwa mkali, na mimi nitaongeza kwamba alikuwa mkali kweli.

Nitazunguka kidogo. Kama mna haraka, someni mkiwa mmekaa.

Kazi ya kupokea maziwa, wanangu, ni kazi ya pua. Siku hizi kuna vipimo vizuri, na sisi tulikuwa na laktomita, ile ya kioo inayoelea kukuonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Ni nzuri, nunueni. Lakini kabla hujaitumbukiza, fungua mfuniko na uinamie keni. Maziwa ya ng'ombe aliyekula majani ya asubuhi yana harufu yake. Yaliyowekwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya taa yana yake pia, na aliyeyaleta atakuapia kwa jina la mama yake kwamba dumu ni jipya. Usibishane naye. Chukua kidogo, chemsha palepale mbele yake. Yakikatika, mrudishie na umwambie karibu kesho. Maneno mengi yanaharibu uhusiano, moto hauharibu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa upande wa ziwani, alikuja kwetu msimu mmoja tu. Maziwa yake mepesi kila siku, na kila siku ana sababu: mara ng'ombe kalala vibaya, mara mvua. Siku hiyo namimina kupitia kitambaa cha kuchujia, naona kitu kinang'aa. Dagaa! Mdogo, mzima, macho yamemtoka. Nikamwita Mama Neema. Akamshika yule dagaa mkiani, akamwangalia yule bwana kwa upole kabisa, akasema, "Baba, ng'ombe wako naye siku hizi anavua?" Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule bwana hatukumwona tena, na keni yake alituachia.

Mama Neema alikuwa na haki ya kuongelea dagaa. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Majita, wa ziwani hasa. Baba yake alikuwa mvuvi, na babu yake vilevile. Ng'ombe aliwafahamu akiwa mtu mzima, na aliwaogopa. Akiingia zizini alishikilia mkono wangu kama bibi harusi. Lakini kwa biashara alikuwa na macho. Aliona kwamba wafugaji wa Butiama wana maziwa na hawana soko, na Bunda na Musoma kuna soko na hakuna maziwa. Akaanza na ndoo moja. Baadaye tukawa na gari, kuukuu lakini lilitembea.

Sasa ndipo ikaja kambi moja ya wachimbaji kule Buhemba. Wanataka maziwa kila siku, mengi, na wanalipa bila kuzungushana. Mama Neema hakulala kwa furaha. Akanunua tenki la kupozea, likakaa pale nyuma ya kibanda linang'aa, watu wakawa wanakuja kujiangalia sura. Akaandika mpango, mzuri kama wenu. Na katika mpango huo akaweka kwamba tutapokea mara mbili, asubuhi na jioni. Hesabu ya mtu wa ziwani hiyo. Kwao samaki ni samaki, hana wa asubuhi wala wa jioni.

Lakini mimi nimezaliwa Butiama. Na katika nyumba tulizokuwa tunapita, maziwa yalikuwa na wenyewe kwa saa. Ng'ombe ni wa baba, hilo halina mjadala. Maziwa ya asubuhi ni ya baba pia: atauza, atanunua dawa ya kupe, atalipa ada ya shule. Ya jioni ni ya mama. Mama anawapa watoto, anakisia ya uji wa mgonjwa kama yupo, na yanayobaki anayamimina kwenye kibuyu alichokifukizia moshi, yagande. Mtindi wa kibuyu kile ndio heshima ya mji. Mgeni akija, anamiminiwa huo. Baba haulizi yamepatikana mangapi. Mwanaume anayechungulia kibuyu cha mkewe watamcheka kilabuni mpaka atafute kijiji kingine.

Basi tukaitisha mkutano wa wafugaji, pale uwanjani kwa kanisa. Na wafugaji ni nani? Kwa akili ya karatasi ni wenye ng'ombe. Wakaja wanaume watupu na fimbo zao. Sisi wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Neema, tena ndio tulioitisha!

Mama Neema akauliza, "Maziwa ya jioni mnayo?"

"Yapo."

"Mtaniuzia?"

Nikawaona wanatazamana. Kila mmoja alijua yale si yake. Lakini niambieni, mwanaume gani atasimama mbele ya wenzake aseme kuna kitu nyumbani kwake hakiamui yeye? Hayupo. Mzee Magoti, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, akakohoa, akasema, "Ng'ombe ni wangu. Nitauza." Baada ya hapo wakafuatana wote.

Kwenye gari nikamwambia Mama Neema, hapa tumechukua kitu cha watu wasiokuwepo mkutanoni. Akanijibu, "Mama Bwire, wewe unaanza kulia kabla msiba haujafika." Nikageukia keni zangu. Yeye ndiye aliyekuwa na tenki la kulipia.

Mwanzoni, jamani, mambo yalikuwa matamu. Tenki linajaa, gari linakwenda Buhemba na kurudi tupu, Mama Neema anaimba nyimbo za kwaya akiosha keni. Halafu laktomita ikaanza kunionyesha vituko. Maziwa mepesi, tena kutoka nyumba ambazo sijawahi kuzitilia shaka. Na siku moja yakawa mepesi ya Bibi Wakuru.

Bibi Wakuru alikuwa mke wa huyo Mzee Magoti. Ndiye aliyenifundisha kunusa maziwa, kabla hata sijaajiriwa. Mwanamke huyu, ukimrudishia chenji zaidi kwa bahati mbaya, atakufuata hadi barabara ya lami. Nikatazama ile laktomita, nikaifuta, nikarudia. Mepesi! Nilihisi aibu kama nimemkuta mama yangu anaiba sadaka. Sikumrudishia maziwa mbele za watu. Nikamaliza kupokea, nikapanda bodaboda hadi kwake.

Nikamkuta anachambua mboga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukusalimia, na maji ya kunywa kama yapo."

"Maji nilishakupa asubuhi," akasema. "Yalikuwa kwenye keni."

Tukacheka, tufanyeje. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Mwanangu, Mzee anapima ndoo kwa macho. Nikitoa kikombe cha huyu mtoto, anaona imepungua. Nikirudishia kikombe cha maji, haoni. Wewe ulitaka nifanyeje?"

Huyo mtoto alikuwa mjukuu wake, kaachishwa ziwa karibuni, kakaa pale kwenye mkeka na kikombe cha chai ya rangi kikubwa kuliko uso wake. Mji una ng'ombe zizi zima, mtoto anakunywa chai ya rangi! Bibi Wakuru akaninyanyua, akanipeleka jikoni. Kibuyu kilikuwa kimening'inia ukutani. Nyie hamjui, kibuyu kinataka maziwa; ukikiacha kikavu muda mrefu kinapasuka chenyewe. Kilikuwa kimepasuka toka shingoni hadi chini.

Kisha akanitoa nje kunionyesha ndama. Jike, wa ng'ombe wake bora kabisa, amelala kando ya ua, mbavu zote nje, manyoya yamesimama. "Nilikuwaga namwachia chuchu moja nzima, kila jioni," akasema. "Sasa Mzee anasimama hapa na ndoo mpaka litoke tone la mwisho. Ndama wa jirani ameshakufa. Huyu naye ananiaga."

Nikarudi Bunda. Nilimwambia Mama Neema yote, na akanifokea yote. Kwamba tenki halijaisha kulipwa. Kwamba kambi ikikosa maziwa wiki moja tu itatafuta mwingine. Kwamba mimi ni mtu wa Butiama na ninatetea watu wa kwetu. Nikamjibu kwamba ndio, ni watu wa kwetu, na yeye aje awaone. Kwa kweli siku hiyo nilikuwa tayari kufukuzwa. Mwanangu Bwire alikuwa sekondari na sikuwa na kazi nyingine, lakini nilikuwa tayari.

Akaja. Alikuja amenuna, kafunga kitenge kwa nguvu kama anakwenda kupigana. Tukaingia kwa Bibi Wakuru, tukaenda moja kwa moja kando ya ua. Ndama alikuwa hainuki tena. Mama Neema, aliyekuwa anaogopa hata mkia wa ng'ombe, akachuchumaa, akamwinua kichwa akamlaza kwenye paja lake.

"Jike?" akauliza.

"Jike," Bibi Wakuru akajibu.

"Tungekamua kwake lini?"

"Akue, apandwe, azae. Halafu na mtoto wake, na mtoto wa mtoto wake."

Mama Neema akaanza kuhesabu kwenye vidole, kama alivyokuwa anahesabu keni, akafika mahali akaacha. Halafu akasema, hata si kwetu, anasema na yule ndama: "Baba yangu aligombana na kaka yake wa tumbo moja kwa ajili ya kokoro. Ule wavu unaokokota kila kitu, mpaka vitoto vya sato visivyofika kidole. Alisema huyu havui, huyu anafunga ziwa. Halafu mimi binti yake nimekuja kutupa kokoro zizini kwa watu."

Ndama alikufa pale pale, tukiwepo. Mama Neema alilia wazi, na Bibi Wakuru akambembeleza yeye, mwenye hasara akimbembeleza mnunuzi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno lenu la "endelevu", ingawa sisi hatukulijua. Mama Neema hakurudi kibandani kuandika mpango mwingine. Alikaa palepale uani na kuomba Bibi Wakuru awaite wenzake. Wakaja wanawake na watoto mgongoni. Wakaulizwa yale ambayo wanaume hawakuulizwa: ndama anaachiwa nini, kiangazi mnalisha nini, mtoto anakunywa nini, na baada ya hayo yote kinabaki nini cha kuuza? Wanawake wakabishana, wakarekebishana, wakachekana. Ikaonekana kwamba cha kuuza kipo, cha asubuhi. Na kama ng'ombe angekula vizuri kiangazi, cha asubuhi kingeweza kuongezeka bila kugusa cha jioni.

Basi ndiyo ikawa kazi yetu. Tukawa tunapeleka mashudu ya pamba kutoka hapa Bunda kwa gari lile lile lililokuwa linakwenda Butiama tupu asubuhi. Tukapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kandokando ya makorongo, kina mama wakakata na kukausha. Masharti yakawa mafupi: maziwa ya jioni hatupokei hata ukilia, na mwenye ndama aliyekonda tunamtembelea kwanza kabla ya kupokea keni yake. Tulichelewa sana barabarani kwa ajili ya ndama za watu.

Msidhani wote walipiga makofi. Mzee Magoti alikasirika. Akatafuta mnunuzi mwingine, wa pikipiki, akawa anamuuzia ya jioni. Bibi Wakuru hakubishana naye. Mimi nilimwonea huruma nikadhani ameshindwa, kumbe anangoja wageni.

Wakaja wakwe, watu wazima, kuzungumza habari za binti yao aliyeolewa mji ule. Mnajua wakwe wanavyopokewa. Wakaketi, wakasalimiana, wakauliza habari za mvua. Bibi Wakuru akatoka na sinia la vikombe, vizuri, visafi. Chai ya rangi.

Mkwe mkubwa akaangalia kikombe chake. Akauliza taratibu, "Magoti, ng'ombe wamekufa?"

"Wapo."

"Wamekauka?"

"Wanakamuliwa," akasema Mzee, na sauti ikaanza kupotea.

Akainuka akamfuata mkewe jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu aoe. "Mama, kibuyu kiko wapi?" Bibi Wakuru akamwonyesha ukutani. "Kimepasuka kwa ukavu. Lakini risiti zako za maziwa zimechomekwa pale kwenye bati, wapelekee wageni wanywe."

Bibi Wakuru akinisimulia hii alikuwa anashindwa kumaliza, anajifuta macho na kanga. Kesho yake asubuhi Mzee Magoti alileta keni mwenyewe. Akasimama pembeni hadi watu waishe, akaniambia bila kunitazama, "Mwambie yule mama yako wa samaki, ya jioni siuzi." Nikamwambia nimesikia. Sikucheka mpaka alipoondoka, na hiyo nayo ni sehemu ya kazi ya kupokea maziwa.

Sasa gharama yake, maana nyie mnapenda habari nzuri tu. Kambi ilituacha, ikachukua maziwa ya unga. Tenki tuliliuza kwa mtu wa Musoma, na siku linapakiwa Mama Neema aliingia ndani akafunga mlango. Gari kubwa alilokuwa analitamani hakulipata. Waliokuwa wanatuhusudu wakatuita vichaa, tena kwa sauti. Tulibaki na kibanda, gari kuukuu, na mtindi wa asubuhi. Lakini ukame mbaya ulipokuja, wenzetu wakafunga kwa kukosa maziwa, sisi tulipungukiwa tu. Hatukufunga. Wale ndama tuliochelewa kwa ajili yao walikuwa wamekuwa ng'ombe.

Kwa hiyo kwenye mpango wenu, mahali pa maziwa ya jioni, futeni. Kama hamtaki kufuta kwa sababu mimi nimesema, pandeni bodaboda mwende vijijini, mkamuulize anayeshika kibuyu. Msiitishe mkutano uwanjani, mtapata majibu ya uwanjani. Ingieni jikoni. Na tenki nunueni dogo.

Niwaambie na hili, halafu niwaache. Mama Neema alipofariki tulimpeleka kuzikwa kwao Majita, kule ukingoni mwa ziwa. Watu walikuwa wengi, na kulisha watu wengi msibani mnajua shida yake. Neema, binti yake, alikuwa anahangaika na masufuria, hajui atawapa nini waliokuja toka mbali. Mchana likaingia lori. Wakashuka wanawake wa Butiama, wote waliobaki hai wa siku ile ya uani, na binti zao, na wake wa watoto wao. Kila mmoja kabeba kibuyu kifuani, kakifunika kwa kitambaa, amekishikilia hivyo njia nzima kisimwagike kwenye mashimo.

Bibi Wakuru aliteremshwa wa mwisho, maana alikuwa mzee sana na miguu haimtii. Akamshika Neema mkono, akampa kibuyu chake.

"Haya ni ya jioni," akamwambia. "Ya kwetu wenyewe. Mama yako aliturudishia. Wape watu wanywe."

Neema alibaki amekishika tu, analia, hajui aanzie wapi. Nikaenda kuleta vikombe.